Sanduku la Muziki la Babu

Wanafunzi wenzangu wengi wameniuliza habari za sanduku nililolitengeneza pamoja na babu yangu likizo iliyopita, nami nimekuwa nikiwajibu nusu nusu njiani kwenda bwaloni. Kwa kuwa Mhariri amenipa nafasi, nitaeleza hapa yote, hata wazazi nao wapate kujua kwamba likizo hatukuimaliza kwa kulala.

Kwanza yafaa msomaji ajue jukiboksi ni kitu gani, maana wengi wetu hatukuwahi kuiona. Ni kabati la muziki. Mtu hutumbukiza sarafu, hubonyeza vitufe, na mashine humchagulia santuri aitakayo na kuipiga. La kwanza liliwekwa na Bwana Louis Glass katika kilabu kimoja cha pombe mjini San Francisco, Marekani, tarehe 23 Novemba, 1889. Siku hizo hapakuwa na spika. Watu walisikiliza kwa mirija waliyoiweka masikioni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Seeburg ilitoa kabati lililobeba santuri 50 na kuzipiga pande zote mbili, yaani nyimbo 100.

Babu yangu ni fundi seremala wa Morogoro. Mwaka 1967, akiwa kijana, alikwenda Dar es Salaam kupeleka viti, na katika hoteli moja akaliona kabati la namna hiyo. Asema alitumbukiza thumni zote tatu alizowekea nauli, kisha akaenda stesheni kwa miguu, wala hakujuta.

Sasa ni miaka mitano babu haoni. Presha ya macho ilichukua jicho moja, kisha la pili. Randa hakuiacha, kwa kuwa kiganja chake chaona kuliko macho ya mafundi wengine. Alichopoteza ni muziki wake. Sindano ya gramafoni humshinda kuiweka mahali pake, na simu za siku hizi ni kioo kitupu, kidole cha asiyeona hakipati pa kushika. Simu zenye kusema na mtumiaji zipo, lakini babu hakuzipenda; asema hataki kubishana na kitu. Redio nayo humchagulia yenyewe. Basi ikawa kila atakapo wimbo sharti aombe, na vijana wa nyumbani humwekea mmoja, kisha huendelea na zao. Hata mwisho akaacha kuomba. Bibi ndiye aliyeniambia jambo hilo jikoni, kwa sauti ya chini.

Nilipomweleza babu kwamba santuri zake zote zaweza kukaa ndani ya kompyuta ndogo kama pakiti ya karata, hakuniuliza habari za kompyuta. Aliniuliza, “Mbao gani?”

Kompyuta yenyewe ni ile iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 ili vijana wajifunze kuandika programu. Yetu ni ya mtumba, mjomba aliipata kwa fundi simu mwenzake. Kiunzi cha kabati ni mninga, na kuta ni plaiwudi ya milimita 18. Vipande vya mninga babu alivitafuta mwenyewe stoo, akivinusa na kuvigonga kwa kifundo cha kidole. Mimi nilisoma futi na kukata, yeye alipitisha kiganja juu ya kila ubao, akasema, “Hapa pameinuka, mjukuu wangu, rudisha randa.” Siku tatu nzima nilirudisha randa.

Spika ndizo zilizonifundisha zaidi. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na mawimbi ya nyuma yakizunguka yakakutana na ya mbele, sauti nzito hufifia. Kwa hiyo chumba cha spika hufungwa pande zote. Tulikifunga, lakini besi bado ilikuwa hafifu. Babu akaniambia nipige muziki, akaweka kiganja nyuma ya kabati, akakisogeza polepole mpaka kona ya chini. “Hapa panapumua,” akasema. Tukatia gundi na ukanda wa mpira wa baiskeli, na besi ikarudi.

Vitufe tuliviweka safu mbili. Jukiboksi za zamani zilikuwa na herufi na nambari, lakini herufi hazimfai babu. Tukapatana kwamba safu ya juu, yenye vitufe 6, iwe ya bendi, na safu ya chini, yenye 10, iwe ya nyimbo. Jumla nyimbo 60. Juu ya kila kitufe cha safu zote mbili tulipigilia misumari midogo ya kuhesabu kwa kidole. Kitufe cha kwanza cha juu ni Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965. Cha pili ni Morogoro Jazz, bendi iliyomkuza Mbaraka Mwinshehe kabla hajaanzisha Super Volcano.

Hapo kukatokea jambo la kuchekesha. Babu alibonyeza mara moja, kompyuta ikaruka nyimbo tatu. Sababu yake ni kwamba vyuma vya ndani ya kitufe hudunda kidogo vinapogusana, na kompyuta, kwa upesi wake, huhesabu kila mdundo. Niliiandikia programu amri kwamba ikishapokea mbonyezo mmoja isisikilize tena mpaka ipite sehemu ya tano ya sekunde. Ikatulia.

Kuzinakili santuri hakuna njia ya mkato. Wimbo wa dakika tatu huchukua dakika tatu. Tuliziosha kwa maji na sabuni kidogo bila kulowesha karatasi ya katikati, tukaacha zilizopindwa na jua. Zilizosalimika zilitoa nyimbo 41.

Siku ya kuwasha babu hakutaka kuongozwa. Alipapasa safu ya juu, akahesabu misumari, akabonyeza. Kisha safu ya chini, akabonyeza. Salum Abdallah akaanza kuimba. Kabla wimbo haujafika nusu, babu akabonyeza mwingine, kisha mwingine tena. Bibi akalalamika, “Mbona huachi hata mmoja uishe?”

“Leo nachagua mimi,” babu akasema, akabonyeza tena.

Umeme ukikatika, kabati nalo hunyamaza. Likizo ijayo tutatia betri. Vilevile nafasi 19 bado ni tupu. Mwenzangu ambaye nyumbani kwao pana santuri za zamani, hata kama zina mikwaruzo, na aniazime nifungapo shule. Nitazinakili na kuzirudisha zikiwa zimeoshwa.