Penye Wengi Pana Mengi: Kugawa Mjadala katika Jamii ya Programu Huria

Wahenga walinena kuwa penye wengi pana mengi, wala hawakufafanua iwapo hayo mengi ni ya kheri au ya shari. Pengine waliacha kusudi. Watu wanaounda programu huria, yaani programu za tarakilishi ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza, wamekuwa wakihangaika na swali hilo kwa zaidi ya miaka thelathini. Jamii hizo huishi kwa maneno. Aghalabu wanajamii hawajawahi kuonana ana kwa ana. Mmoja yuko Uholanzi, mwingine Brazili, na kila uamuzi unaohusu programu yao hufikiwa kwa kuandikiana. Wakiwa kumi, ukumbi mmoja huwatosha. Wakiwa elfu moja, anayeanza kujifunza huona haya kuuliza mbele ya mabingwa, mabingwa nao huchoshwa na maswali yale yale, na mwenye jambo nyeti la kitaalamu hulikuta limezikwa chini ya mamia ya barua kabla halijajibiwa. Hapo ndipo mmoja huinuka na kusema: tugawane, kila jambo lipate kikundi chake.

Rai hiyo husikika kama suala la utaratibu tu, mithili ya kupanga vitabu katika rafu. Historia ya lugha ya kuprogramu iitwayo Python inaonyesha vinginevyo.

Python ilianza kubuniwa na Guido van Rossum mwishoni mwa mwaka 1989 katika taasisi ya utafiti ya CWI jijini Amsterdam, ikatolewa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 ikapata uwanja wake wa mjadala wa hadhara. Uwanja huo haukukawia kufurika, na jamii ikaanza kuunda vikundi vya watu wenye haja maalumu. Kulikuwa na jambo moja la busara katika vikundi hivyo ambalo halikusifiwa vya kutosha: kila kikundi kilipewa muda wa kuishi. Muda ukiisha, wanakikundi walipaswa kuonyesha kwamba bado wana kazi, la sivyo kikundi kifungwe. Ni vyama vingapi duniani ambavyo vingenusurika kwa kanuni kama hiyo?

Kimojawapo cha vikundi hivyo, kilichoundwa mwaka 1995, kiliwakusanya wanasayansi na wahandisi waliotaka kuitumia Python kwa hesabu za matriksi, yaani majedwali ya nambari ambayo hujumlishwa na kuzidishwa kwa kanuni zake pekee. Kwa mtu aliyetaka kuandika programu ya kupanga majina ya wateja, mjadala wao ulikuwa giza tupu, hivyo kila upande ulifurahia utengano. Lakini van Rossum mwenyewe aliingia katika kikundi hicho kidogo na kuketi humo. Alipoona kwamba wanahesabu wanatatizwa na namna Python inavyoruhusu sehemu ya jedwali kutajwa, aliipanua sintaksia ya lugha ili kuwarahisishia. Jim Hugunin, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamili katika chuo cha MIT, akaandika programu iliyoitwa Numeric. Hii ndiyo hali njema kabisa ya mgawanyo: wachache wanajadiliana kwa kina bila kuwasumbua wengi, na mwenye uwezo wa kubadili mambo amekaa miongoni mwao akisikiliza.

Hata hivyo, mbegu ya kugawanyika haikomi kuota mara moja. Baada ya miaka michache wanaastronomia wa taasisi inayosimamia darubini ya Hubble waliona kuwa Numeric haifai kwa majedwali makubwa mno ya picha zao, wakaunda programu nyingine iliyoitwa numarray. Ya kwanza ilikuwa nyepesi kwa majedwali madogo, ya pili ikawa bora kwa makubwa, na aliyeandika kazi yake juu ya moja hakuweza kuitumia kwa urahisi pamoja na kazi ya mwenzake wa upande wa pili. Kikundi kidogo kilikuwa kimegawanyika ndani kwa ndani. Travis Oliphant ndiye aliyejitwika mzigo wa kuziunganisha. Toleo la kwanza kamili la programu iliyotokana na muungano huo, NumPy, lilitoka mwaka 2006. Picha ya kwanza ya shimo jeusi angani, iliyotangazwa mwaka 2019, ilitayarishwa kwa hesabu zilizoitegemea. Ukitazama picha ile, si rahisi kukumbuka kwamba kuna mtu aliyewahi kuacha shughuli zake nyingine ili asome hoja za kambi mbili na kuandika programu ambayo zote mbili zingeikubali.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wanahesabu hawa walilitamani kwa muda mrefu. Katika Python, alama ya nyota huzidisha. Lakini matriksi huzidishwa kwa njia mbili, na nyota ilikuwa imeshatwaliwa na njia mojawapo. Njia ya pili, ambayo ndiyo wanafunzi wa hisabati hufundishwa darasani, ilihitaji kuandikwa kwa neno na mabano, na fomula fupi ya kitabuni ikageuka kuwa msururu usiosomeka. Mwaka 2000 yaliwasilishwa mapendekezo mawili rasmi kwa jamii nzima ya Python ya kuongeza alama mpya. Hayakufua dafu. Si kwamba wakubwa walikuwa na inda. Wengi wao hawakuwahi kuzidisha matriksi katika kazi zao, na kero inayozungumzwa kila siku katika chumba cha pili haiumi katika chumba cha kwanza. Ndani ya kikundi kidogo hakuna aliyehitaji kushawishiwa, na labda kwa sababu hiyo ufundi wa kuwashawishi walio nje haukunolewa.

Ilichukua takriban miaka kumi na minne. Mwaka 2014 lilikuja pendekezo la tatu. Mwandishi wake alifanya kazi mbili ambazo ni adimu kufanywa na mtu mmoja: aliwapatanisha kwanza wenye miradi mbalimbali ya hesabu wakubaliane juu ya alama ile ile, kisha akawaeleza wasio wanahesabu, kwa subira na kwa mifano, ni nini hasa kinachowakera wenzao. Mwishowe ikaombwa alama moja tu, ya @. Pendekezo likakubaliwa mwaka huo huo na alama ikaingia katika Python 3.5 iliyotoka mwezi Septemba 2015. Alama hiyo si kubwa kuliko punje ya mtama, ila safari yake kutoka chumba kimoja hadi kingine ilizidi muongo.

Wakati huo jamii yenyewe ilikuwa imeendelea kujigawa. Waundaji wa lugha walikuwa na kikundi chao tangu mwaka 1999, na mwishoni mwa mwaka 2006 kikaundwa kingine cha mawazo mapya, ili ndoto ambazo hazijapevuka zijadiliwe kando na zisiwapotezee waundaji muda. Mpango ulikuwa mzuri. Wazo lilelewe huko, likikomaa lihamie kwa waundaji. Tatizo ni kwamba wazo huhama, hoja zilizolipima hubaki nyuma. Mwaka 2018 palizuka pendekezo nambari 572, la kuruhusu thamani ipewe jina katikati ya kauli. Lilijadiliwa kwa kirefu katika kikundi cha mawazo, kisha likapelekwa kwa waundaji, na huko wengi waliolikuta kwa mara ya kwanza wakaanza upya, wakiuliza yaliyokwisha kuulizwa na kupinga yaliyokwisha kupingwa. Aliyelazimika kuwamo pande zote mbili, kwa kuwa uamuzi wa mwisho ulikuwa wake, ni van Rossum. Alilipitisha pendekezo. Kisha tarehe 12 Julai 2018, akiwa amechoka na ubishi na chuki iliyoandamana nao, aliitangazia jamii yake kwamba anajiuzulu wadhifa wa mwamuzi mkuu, na wala hakuteua mrithi. Mwaka uliofuata jamii ilichagua baraza la watu watano.

Hawakukosea waliosema wakati huo kwamba mzigo ulikuwa mzito kwa mtu mmoja. Ila inafaa kuuliza mzigo huo ulikuwa upi. Maamuzi yenyewe yalikuwa sehemu moja tu. Sehemu kubwa ilikuwa kutembea baina ya vikundi na kubeba maneno, kazi ambayo haina jina katika orodha ya wajibu wa mtu yeyote, na ambayo huongezeka kila kikundi kipya kinapofunguliwa. Msimbo wa mtu huhesabiwa mstari kwa mstari na jina lake huandikwa kando yake. Barua iliyozuia vikundi viwili kutoelewana haihesabiwi popote.

Kwa wapenzi wa Kiswahili, jambo hili lina sura iliyo karibu zaidi. Wafasiri nao ni kikundi katika jamii za programu huria, kila lugha na ukumbi wake. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na tangu hapo hoja kwamba Kiswahili hakiwezi kukaa katika tarakilishi haina miguu. Ila mfasiri wa Kiswahili huletewa maneno na watayarishi wa programu ambao hajawahi kuzungumza nao. Tuseme ameletewa neno moja la Kiingereza lenye maana ya “-pya”, nalo limekusudiwa kutokea mahali pote panapofunguliwa kitu kipya. Kwa mtayarishi Mwingereza hilo ni neno moja na limekwisha. Kwa Mswahili, hati ni mpya, jedwali ni jipya, kitabu ni kipya, na mahali ni papya. Hakuna tafsiri moja itakayokuwa sahihi. Wafasiri wanaweza kulijadili ukumbini mwao mwaka mzima, wakatajiana ngeli zote na kupigana mifano, wasipige hatua, kwa sababu dawa haiko kwao. Iko kwa mtayarishi, ambaye hana budi kulitenga neno hilo mara nne katika msimbo wake na kueleza kila moja linahusu nini.

Chombo cha kufanya hivyo kipo. Gettext, programu inayotumiwa na miradi mingi huria kuhifadhi tafsiri, imeruhusu neno kuambatanishwa na muktadha wake tangu mwaka 2006. Kinachohitajika ni mtu wa ukumbi wa Kiswahili kuingia katika ukumbi wa watayarishi, kwa lugha yao, na kuwaeleza watu wasiojua ngeli ni nini kwa nini “jedwali mpya” humkera msomaji. Mpaka atakapokwenda, jedwali litaendelea kuwa mpya.