Mtoto wa Sake afundishwe vipi kuteleza kwenye theluji?

Wengi wetu tuna ndugu waliofika nchi za baridi. Wiki hii kwenye kundi la WhatsApp la familia yetu ubishi ulikuwa juu ya skii, vile vibao viwili virefu ambavyo mtu hujifunga miguuni ateleze kwenye theluji. Yaya yangu anaishi karibu na Grenoble, Ufaransa. Shule ya mwanawe, mwenye miaka minane, inawapeleka wanafunzi mlimani. Siku ya kwanza mtoto alianguka, sasa hataki kurudi. Binamu yetu wa Norway akasema mtoto hana kosa, kosa ni mafundisho. Basi nikaambiwa niamue, ati mwandishi wa habari anajua kuuliza.

Nimeuliza. Njia iliyozoeleka huanza na kusimama. Ncha za mbele za skii zinakaribiana, za nyuma zinapanuka, mfano wa kipande cha pizza, na mwendo unapungua. Skii zikinyooka sambamba ni chipsi: unakimbia. Ndivyo walimu wanavyowaambia watoto, pizza, chipsi, na hata asiyejua lugha anaelewa. Hannes Schneider wa Austria alianzia hapo, akipanda hatua kwa hatua. Shule yake ya St. Anton ni ya mwaka 1921. Mfaransa Émile Allais, bingwa wa dunia wa 1937, hakuipenda. Alitaka skii ziwe sambamba mapema, kwa kuwa aliyezoea pizza anateseka kuiacha. Baadaye huko Les Arcs walianzisha wanafunzi na skii fupi za mita moja, kisha wanawaongezea urefu kidogo kidogo. Hiyo nimeipenda. Nani humpa mtoto chukudu ya baba yake siku ya kwanza?

Wanorway wengi hawaanzii mteremkoni kabisa. Mtoto anavaa skii nyepesi ambazo kisigino kiko huru, mara nyingi bila fimbo za mkononi, anafukuzana na wenzake kwenye tambarare. Anaanguka, anaamka. Binti wa binamu yetu alijifunza hivyo, na binamu haoni kwa nini kuwe na njia nyingine.

Mimi nilimwomba mpwa wangu anitumie sauti. Akasema, "Mjomba, kuanguka si kitu. Sikujua nitasimama wapi." Nikarudia kuisikiliza. Huyu ni mtoto aliyetoka Sake mgongoni mwa mama yake. Na kumbe saa ya pili tu mwalimu alishawapandisha juu, kabla hajahakikisha kila mmoja anaweza kujisimamisha. Hapo binamu ana haki.

Kwa hiyo nilimwambia yaya: Allais atusamehe, huyu apewe pizza kwanza, tena kwenye sehemu ya karibu tambarare, mpaka asimame mwenyewe mahali anapotaka. Mengine yatakuja. Mtoto jasiri ningemwambia vingine.

Ijumaa anarudi. Yaya ameshaongea na mwalimu, na mtoto atabaki chini na wanaoanza. Ameniuliza kama kwetu kuna theluji. Nimemjibu ipo, juu kabisa ya Ruwenzori, lakini sijasikia mtu aliyepanda huko na skii.