Tulimpa Kijana Kazi, Hatukumpa Mwalimu

Siku moja, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja aliingia katika ofisi ya msikiti wetu, hapa Temeke, akiwa na karatasi mkononi. Tulimkaribisha kiti, hakuketi. "Ustadh," alisema, "hii karatasi nani alimsomea mwanangu?"

Ulikuwa mkataba wa kazi za nyumbani, wa Kiingereza na Kiarabu. Binti yake alikwisha kwenda Muscat. Aliambiwa atalea watoto wawili. Alipofika alikuta nyumba ya watu kumi na mmoja, na simu yake akipewa siku ya Ijumaa tu. Aliyemwandikisha alikuwa kijana wetu.

Tunasema kijana wetu kwa sababu sisi ndio tuliompeleka. Baada ya kukaa miaka miwili bila kazi, kamati ilimwandikia barua ya udhamini kwa wakala mmoja wa ajira za nje. Alipopokewa tulimshukuru Mola, tukahesabu kuwa wajibu wetu umekwisha. Hatukuuliza hata mara moja nani anamfundisha.

Tulipomwita hakujitetea. Alieleza kwamba siku ya kwanza alipewa meza, simu na orodha ya majina, na kwamba malipo yake yalitegemea idadi ya watu atakaowasafirisha. Mikataba aliipitisha bila kuisoma yote. Tulikuwa tumejiandaa kumkemea, tukabaki tukitazamana.

Katika Surat Al-Qasas, yule binti wa Madyan alipompendekeza Nabii Musa (a.s.) aajiriwe, alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Sisi tuliutazama uaminifu wa kijana huyu, kwani tulimjua tangu madrasa. Nguvu, yaani ujuzi wa kazi yenyewe, hatukuiulizia.

Mzee wetu mmoja, afisa kazi mstaafu, alijitolea kukaa naye kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Alianza na mikataba ya Shirika la Kazi Duniani. Ule Na. 181 wa mwaka 1997 unaweka msingi kwamba wakala asimtoze ada mtafuta kazi. Ule Na. 189 wa mwaka 2011 unataka mfanyakazi wa nyumbani anayekwenda nchi nyingine apate maandishi ya masharti ya kazi kabla ya kuvuka mpaka, na awe na haki ya kukaa na hati zake za kusafiria.

Kisha wakaingia katika vitendo: kuusoma mkataba kwa Kiswahili, kifungu baada ya kifungu, na kumtaka mwombaji aueleze upya kwa maneno yake mwenyewe, kuhakikisha anaondoka na namba ya simu ya ubalozi, na kumwambia ukweli aliyekosa nafasi, badala ya kumwacha akisubiri simu isiyopigwa. Mzee alisisitiza pia kwamba mgeni wa kazi hii asimwandikishe mtu peke yake kabla hajakaa ubavuni mwa mzoefu na kuona mahojiano kumi.

Binti yule alirejea kabla ya Ramadhani kwa msaada wa ubalozi, akiwa amepoteza mshahara wa miezi miwili. Nusu ya fedha hizo tulichanga sisi wanakamati. Nusu nyingine kijana anamlipa kidogo kidogo, na hakuna aliyemwamuru. Mama yake hutusalimu tukikutana njiani, lakini ofisini hajaingia tena.

Leo vijana wengine wawili wameanza kazi hiyo hiyo, na kila Jumamosi kijana wetu huketi nao pamoja na mzee.

Ndugu zetu wazazi, mnapomwombea kijana kazi, msiishie kuuliza mshahara ni kiasi gani. Ulizeni pia nani atakayekaa naye katika miezi ya mwanzo. Sisi tuliuliza swali hilo tukiwa tumechelewa, na gharama yake aliilipa mtoto wa mtu mwingine.