Hesabu ya Robota

Jioni moja mume wangu alirudi kutoka kazini, akaomba kalamu na daftari la mtoto. Alipomaliza kuandika alitangaza, "Mama Neema, mwisho wa mwezi huu naacha kazi."

Nililichukua lile daftari. Robota la nguo za watoto kule Gikomba lilikuwa Sh15,000. Ndani, alisema, mna nguo 300. Akiuza kila moja Sh100, atapata Sh30,000. Marobota manne kwa mwezi, faida Sh60,000. Mshahara wake ulikuwa Sh35,000.

"Na zilizoraruka je?" nilimwuliza.

Alinyamaza. Robota hununuliwa likiwa limefungwa. Hujui yaliyomo hadi ulipe na kukata kamba.

Tulibishana siku tatu. Mimi niliwaza karo na kodi ya nyumba. Niliukumbuka pia moto wa Gikomba wa Juni 2018, uliowaua watu wasiopungua 15 na kuteketeza mali ya wengi. Yeye aliniona mwoga. Hatimaye tulipatana: anunue robota moja, auze Jumamosi, kazi asiache.

Nguo 110 zilikuwa na madoa au matundu. Ilimchukua Jumamosi nne kupata Sh18,400. Tulipotoa bei ya robota, ada ya soko, nauli na malipo ya hamali, tulibaki na Sh2,000. Sikumcheka. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuziota zile elfu sitini.

Aliendelea hivyo mwaka mzima, akijifunza ni muuzaji yupi mwaminifu na ni miezi ipi wateja hupotea. Aliacha kazi tulipokuwa na akiba ya kodi na chakula cha miezi sita. Januari iliyofuata, wazazi wakihangaikia karo, alipata Sh9,000 pekee. Kama si ile akiba, mwenye nyumba angetufungia mlango.

Msomaji, sikwambii uogope biashara. Lakini wengi wetu huipigia faida hesabu kana kwamba ni mshahara, unaokuja kila mwisho wa mwezi, uwe umeuza au hukuuza. Kabla ya kujiuliza utapata ngapi, jiulize: nikizipoteza zote, watoto watakula nini? Ukishapata jibu, kata kamba.