Magogo Yazaayo Uyoga katika Rasi ya Kunisaki

Kusini mwa nchi ya Japani kiko kisiwa kikubwa kiitwacho Kyushu. Katika pembe yake ya kaskazini-mashariki, ndani ya jimbo la Oita, nchi imejitokeza baharini kwa umbo la mviringo mfano wa ngao. Hiyo ndiyo Rasi ya Kunisaki. Katikati yake umesimama mlima Futago, wenye kimo cha mita 721, na kutoka mlimani humo mabonde yameteremka pande zote hadi pwani kama njiti za gurudumu la baiskeli. Mito ni mifupi, udongo ni wa volkeno nao hufyonza maji upesi, tena mvua yake si nyingi kama ya sehemu nyingine za Japani. Kwa sababu hiyo wakulima wa zamani walichimba malambo, lambo moja juu ya jingine, na leo hesabu yake ni kiasi cha 1,200.

Mgeni apandaye bonde lolote kutoka pwani huona kwanza mashamba ya mpunga, kisha malambo, na juu ya malambo msitu wa miti iitwayo kunugi, ambayo ni jamii ya mialoni. Akiingia msituni, kivulini, hukuta magogo yenye urefu kama wa mita moja yameegemezwa safu kwa safu. Yafanana na kuni zilizosahauliwa, lakini sivyo. Hayo ni shamba. Mazao yake ni uyoga uitwao shiitake, ambao kwa Wajapani ni kitoweo na, kwa miaka mingi, umehesabiwa pia kuwa dawa.

Zamani za shoka na sala

Husimuliwa katika Oita kwamba katika karne ya 17 mchoma makaa mmoja, jina lake Genbei, aliona uyoga ukiota juu ya magogo aliyoyaacha msituni. Tangu hapo watu wakawa wakikata miti, wakiitia alama za shoka katika gome, kisha wakingoja. Hawakuwa na mbegu ya kutia. Ilibidi upepo ulete vumbi la uyoga, nalo liangukie mahali palipokatwa. Mwaka mmoja magogo yalijaa, mwaka mwingine hayakuzaa kitu. Mtu aliyekopa fedha kwa kutumaini uyoga aliweza kupoteza shamba lake kwa msimu mmoja mbaya.

Katika miaka ya 1930 mwanafunzi wa kilimo kutoka chuo kikuu cha Kyoto, Mori Kisaku, alizuru Oita. Husimuliwa kwamba huko alimwona mkulima mzee amepiga magoti mbele ya magogo yake, akiusihi uyoga utoke, maana usipotoka itambidi kukihama kijiji chake. Jambo hilo lilimchoma moyo kijana. Alifanya kazi miaka mingi, hata mwaka 1942 akafaulu kuukuza uyoga ndani ya vipande vidogo vya mti, safi, bila kuchanganyika na kuvu nyingine. Kipande kama hicho kikitiwa katika gogo, gogo hupata mbegu kwa hakika. Tangu siku hizo mkulima wa uyoga ana jambo la kufanya zaidi ya kungoja upepo.

Namna ya kazi

Mti hukatwa wakati wa vuli, majani yanapoanza kugeuka rangi ya manjano, maana wakati huo gogo limejaa chakula kitakachoulisha uyoga. Huachwa chini na matawi yake kwa majuma kadhaa ili ukauke kiasi, kisha hukatwa vipande. Mwisho wa baridi, mkulima hutoboa matundu kwa keekee na kugongomea mbegu kwa nyundo, mpaka iwe sawasawa na gome. Magogo hulazwa na kufunikwa matawi yasipigwe na jua kali, na hukaa hivyo mpaka majira ya joto mawili yapite. Katika muda huo hakuna kinachoonekana kwa nje, lakini ndani nyuzi nyeupe za uyoga zinaula mti.

Ndipo magogo huhamishwa kwenye kivuli cha miti mirefu ya sugi, ambayo haipukutishi majani. Uyoga hutoka wakati wa vuli na tena wakati wa machipuo, na gogo moja huzaa miaka minne au mitano. Ule uliokua polepole katika baridi, mnene na wenye kofia isiyofunguka sana, huitwa donko, nao una bei kubwa. Ule mwembamba uliofunguka huitwa koshin.

Kisiki cha kunugi hakifi. Huchipua upya, na baada ya miaka kiasi cha 15 mti uko tayari kukatwa tena. Mkulima mwenye akili huugawa msitu wake mafungu, akakata fungu moja na kuliacha jingine, hivyo hakosi miti wala haumalizi msitu. Magogo yaliyochoka huoza na kuwa mbolea, na udongo huo laini hushika maji ya mvua yashukayo polepole kwenye malambo, na kutoka malambo hadi kwenye mpunga. Mtu akiacha kukata kunugi zake, madhara hayaishii kwake peke yake.

Jikoni

Shiitake nyingi ya Oita hukaushwa. Kilo kumi za uyoga mbichi hubaki kama kilo moja tu, lakini hiyo hukaa miezi mingi bila kuharibika. Mpishi huulowesha katika maji baridi usiku kucha, wala maji yale hayamwagi, kwa kuwa ndiyo mchuzi. Watawa wa Kibudha wafuatao desturi ya kutokula nyama wala samaki hupata ladha ya vyakula vyao katika mchuzi huo, na mahekalu ya kale ya namna hiyo ni mengi katika mabonde ya Kunisaki.

Tena kuna desturi ya kuuanika uyoga juani, sehemu ya chini yenye mikunjo ikielekezwa juu. Sayansi imethibitisha faida yake: mwanga wa jua hugeuza kitu kilichomo ndani ya uyoga kikawa vitamini D, ile isaidiayo mifupa na kuzuia matege ya watoto. Saa moja au mbili za jua zatosha kuiongeza sana.

Dawa na mipaka yake

Mwaka 1969 Chihara Goro na wenzake, katika kituo cha utafiti wa saratani mjini Tokyo, walitangaza kwamba kitu walichokitoa katika shiitake, waliyokiita lentinani, kilizuia uvimbe katika panya. Katika miaka ya 1980 serikali ya Japani ilikubali lentinani itumike pamoja na dawa nyingine kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo.

Hapa yafaa mtu asome kwa uangalifu. Dawa hiyo ilisafishwa viwandani, ikapimwa, na ilidungwa katika mshipa na daktari. Bakuli la mchuzi si sindano, wala unga wa uyoga uuzwao kwa maneno matamu si dawa ya saratani. Shiitake ni chakula chema, na mgonjwa anaweza kuila kwa faida, lakini aiachaye hospitali kwa ajili yake amejidhulumu mwenyewe.

Hata chakula chema kina masharti. Mwaka 1977 daktari wa Kijapani, Nakamura, alieleza ugonjwa wa ngozi uwapatao watu wengine walao shiitake mbichi au isiyoiva vema. Mwili hutoka mistari myekundu inayowasha, kana kwamba mtu amechapwa mjeledi. Basi uyoga huo na upikwe mpaka uive barabara.

Hatari kubwa zaidi iko porini. Huko Japani huota uyoga mwingine juu ya miti iliyokufa, uitwao tsukiyotake, maana yake uyoga wa usiku wa mbalamwezi, kwa kuwa hung'aa kidogo gizani. Mchana hufanana na shiitake, nao ni sumu inayotapisha vikali. Kila mara hupatikana watu wa kuukosea. Mwenye gogo lake alilolitia mbegu kwa mkono wake ana salama kuliko mwokotaji, maadamu anaujua vema uyoga alioupanda na kutupa wowote mgeni uotao juu ya gogo.

Baadhi ya familia za Japani hununua gogo moja au mawili yaliyokwisha kutiwa mbegu na kuyaweka nyuma ya nyumba, upande wa kivuli. Mvua ikikawia, hulizamisha gogo katika pipa la maji kwa muda wa siku moja. Wengine huligonga kwa nyundo, na baada ya siku chache vichwa vidogo vya rangi ya udongo hupasua gome.

Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliandika kilimo cha Kunisaki katika orodha ya urithi wa dunia wa kilimo. Oita ingali ya kwanza katika Japani kwa shiitake kavu. Hata hivyo wakulima wengi ni wazee, magogo ni mazito, vijana wamehamia mijini, na nguruwe-mwitu na paa huharibu mazao. Kunugi ikikatwa leo itakuwa tayari kukatwa tena baada ya miaka 15, na mzee mwenye umri wa miaka 70 anapoinua msumeno anajua kwamba machipuo ya kisiki hicho yatamhitaji mtu mwingine.