Pumzi za Kupokezana

Maisha yetu wanakwaya wa chuo yanafanana. Asubuhi tuko darasani. Jioni mmoja anauza chipsi, mwingine anafundisha watoto kinanda, na wengine huimba harusini kila Jumamosi ili ada ipatikane. Saa mbili usiku tunakutana mazoezini na karatasi zetu za solfa.

Kwa solfa hiyohiyo Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na mwongoza kwaya wa Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake Tanzania inaiimba leo katika wimbo wa Taifa. Kazi na uimbaji vilikaa ndani ya mtu mmoja.

Hata hivyo, swali moja lilitugawa. Aliyeimba harusini kwa malipo hadi usiku wa manane, akaja Jumapili sauti imekauka, asimame nasi au akae benchi? Baadhi yetu walisema Mungu anapewa makombo.

Jibu tulilipata tukijiandaa kwa tamasha la Pasaka. Tulipaswa kushika noti moja kwa mapigo 32, mwendo wa pole. Pumzi ya mtu mmoja haifiki huko. Mmoja anavuta hewa, jirani yake anashikilia, na msikilizaji hasikii pengo. Kama kwaya huishi kwa kupokezana, basi aliyechoka naye ana nafasi yake. Tukaamua asimame.

Paulo aliwasihi Wagalatia wabebeane mizigo. Wapendwa washarika, mkitusikia Jumapili, jueni kwamba daima kuna mmoja wetu anayepumua, na wenzake wamemshikia wimbo.