Nyimbo za Baba Ndani ya Gari

Tuzungumzapo utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu huelekea kwenye ngoma zichezwazo uwanjani, kwenye vinyago, majumba ya makumbusho na vitabu vya wataalamu. Ni haki iwe hivyo. Tangu mwaka 1962, Serikali ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mambo hayo yamehesabiwa kuwa sehemu ya ujenzi wa nchi. Lakini utamaduni una makao mengine madogo yasiyotajwa sana: kabati la sebuleni, sanduku la chini ya kitanda, na hata kiti cha mbele cha gari. Napenda kumsimulia msomaji jambo lililonipata mimi, mtumishi mdogo wa Serikali na mtunzi wa mashairi, nilipojitia kuitengeneza upya kompyuta ya nyumbani kwangu ili nimpatie baba yangu nyimbo za kusikiliza safarini.

Ulikuwa mwaka 2003. Baba alikuwa amestaafu, anaishi Morogoro, na kila baada ya miezi miwili ilimbidi kuja Dar es Salaam kutibiwa macho. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata na kumrudisha, mwendo wa karibu kilometa 190 kwenda na kama hizo kurudi, katika gari kuukuu nililolinunua likitoka Japani. Gari lilikuwa zima, ila redio yake ilikuwa kama bubu. Redio za magari ya Japani hutengenezwa kwa masafa ya FM ya huko, megahezi 76 hadi 90 au kidogo zaidi, ilhali vituo vyetu hutangaza kati ya 88 na 108. Kwa hiyo vingi havikusikika kabisa. Mahali pa kutia kanda hapakuwapo. Palikuwa na tundu la diski tu, nami sikuwa na diski hata moja.

Baba naye alikuwa na kanda kumi na tisa. Alikuwa kijana wa Morogoro wakati mji ule ulipokuwa mmoja wa miji mikuu ya muziki wa dansi nchini. Aliucheza muziki wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, kisha wa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Hakuwa na fedha za santuri. Alipopata redio ya kaseti, alikaa mbele yake jioni baada ya jioni, kidole juu ya kitufe, akisubiri Radio Tanzania ipige wimbo aupendao. Juu ya kila jalada aliandika kwa mkono wake jina la wimbo, jina la bendi na tarehe. Sasa macho yalikuwa yakimtoka, naye hakuweza tena kuyasoma maandishi yake mwenyewe.

Nikaazimia kuzihamisha nyimbo zile kwenye diski. Kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtumba. Kizazi changu hakikulelewa na mashine hizi. Mwaka 1974, nilipokuwa mtoto mdogo, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla katazo hilo halijalegezwa. Mashine yangu ilitosha kuandikia barua na mashairi. Muziki ulikuwa mzigo mwingine. Dakika moja ya muziki iliyorekodiwa kwa kipimo cha diski za kawaida hula kiasi cha megabaiti kumi. Kanda ya dakika 90 hutaka karibu megabaiti 900. Diski ya ndani ya kompyuta yangu ilikuwa ya gigabaiti mbili, na zaidi ya nusu ilikwisha kujaa.

Nikaenda Kariakoo na mshahara wa mwezi. Fundi, kijana mwenye adabu aliyeniita bosi tangu salamu ya kwanza, aliniuzia diski ya ndani ya gigabaiti ishirini, kumbukumbu ya kuongezea, na kifaa cha kuchomea diski. Akaja nyumbani, akalifungua sanduku la kompyuta juu ya meza ya chakula, akapuliza vumbi, akaunganisha nyaya. Mke wangu alisimama mlangoni, akauliza kama ada ya shule ya mtoto nayo imo ndani ya sanduku lile. Sikuwa na jibu.

Fundi alinieleza kuwa nyimbo zikibanwa kwa njia ya MP3, diski moja huweza kubeba zaidi ya mia moja. Lakini redio ya gari langu haikuijua lugha hiyo. Ilitaka diski ya muziki ya kawaida, ya dakika 80 basi. Mtunzi wa mashairi huelewa haraka amri ya namna hiyo, maana nafsi iliyozoea kubana neno ndani ya mizani nane haishindwi kubana ujana wa baba ndani ya dakika themanini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Waya mmoja ulitoka kwenye redio ya kaseti ukaingia nyuma ya kompyuta, na kanda ilipaswa kupigwa mwanzo hadi mwisho. Dakika 90 za kanda ni dakika 90 za kukaa. Kisha huja kuchoma. Neno hili la vijana si la mzaha, kwa kuwa mwanga wa leza huunguza kweli alama ndogo ndogo kwenye utando wa rangi ulio ndani ya diski, ukianzia katikati na kwenda nje, kinyume cha santuri, ambayo kwa desturi husomwa kutoka ukingoni kuelekea kati. Kwa kasi ya kifaa changu diski moja ilichukua kama dakika kumi. Umeme ukikatika katika dakika ya tisa, diski imekufa, hairudiki. Nilizika diski tano kwa njia hiyo.

Fundi alikuwa pia amenionyesha programu ya kusafisha sauti. Iliondoa mkwaruzo na mvumo wa kanda. Nami kwa mkono wangu nikakata sauti ya mtangazaji, milango iliyogongwa, kuku, na maneno ya watu waliopita karibu na redio baba alipokuwa akirekodi. Nilijiona msanifu. Kila wimbo ulibaki safi kama sahani iliyooshwa, na kwa kuwa nafasi ilinibana, nikayafuta yale marekodi ya awali kutoka kwenye kompyuta.

Safari iliyofuata nilimpakia baba, nikatia diski. Tulipopita Kibaha alikuwa tayari anaimba kwa sauti ya chini. Chalinze alinisimulia nani alipiga gitaa la pili katika wimbo fulani, na ukumbi gani ulikuwa na sakafu iliyoteleza vizuri. Halafu ukaja wimbo mmoja wa polepole. Baba akanyamaza, akainua kichwa, akangoja. Wimbo ukapita, ukaisha.

"Mwanangu," akasema, "mama yako yuko wapi?"

Niliogopa. Mama alikuwa amefariki mwaka 1991, na nilidhani akili ya mzee imeanza kupotea. Nikamwambia taratibu, "Baba, mama si alishatutangulia."

"Hilo nalijua kabla yako," akajibu. "Nauliza katika wimbo. Huwa ananiita chakula kinapoa. Hapo gitaa linapopanda. Mbona leo hakuniita?"

Sikujibu mpaka Morogoro. Nilikumbuka sasa: sauti ya mwanamke, ya mbali, ikikatiza ubeti wa tatu. Nilikuwa nimeikata kwa kuihesabu kuwa kasoro. Mimi niliyemzika mama yangu sikuitambua sauti yake, kwa kuwa nilikuwa nikisikiliza muziki tu, na sikutaka kitu kingine kiwemo.

Usiku ule ule nilirudi Dar es Salaam na kanda zake. Nikaipiga tena ile. Ikaingia, ikazunguka kidogo, mashine ikaimeza. Niliifungua kwa bisibisi na pini ya mke wangu, nikaunyosha utepe kwa kucha, nikakata kipande kilichokunjamana na kuunga kwa gundi ya karatasi. Niliporekodi tena, jina ambalo mama alimwita baba lilikuwa limepotea katika kiungo. Yalibaki maneno mawili tu: "chakula kinapoa." Nikachoma diski nyingine bila kusafisha chochote. Baba alipoisikia alicheka, akasema, "Haya, nakuja." Nilimweleza kuhusu jina lililopotea. Hakunilaumu, aliniambia jina lake analijua mwenyewe.

Kuanzia hapo nilibadili desturi. Safari zote zilizofuata, mwanangu wa kwanza alikaa kiti cha nyuma na daftari, akaandika kila alilosema babu yake juu ya kila wimbo: wapigaji, kumbi, mitindo ya kucheza, sababu za mashairi yale. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baba alifariki mwaka 2006, na daftari lina kurasa 64.

Ni lazima pia niungame jambo. Wenzangu wa ofisini walipopata habari waliomba nakala, nami nikawapa wawili. Wa tatu alitaka kumi za kuuza. Hapo ndipo nilipojiuliza. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na msingi wake ni kwamba jasho la msanii ni mali yake. Wanamuziki wengi waliolijenga jina la nchi yetu walizeeka bila kitu mfukoni. Nilimkatalia yule wa tatu, na wale wawili naona leo kuwa nilikosea kuwapa. Kuhifadhi ni wajibu, ila mlinzi wa ghala hana ruhusa ya kugawa nafaka ya wenyewe.

Miaka ikapita. Mwaka 2017 nilizitoa diski kumi na mbili nilizochoma. Saba hazikusomeka, zile zilizokaa garini juani ndizo zilizoharibika kwanza, kwa kuwa rangi ile iliyochomwa hufifia kwa joto na mwanga. Kompyuta yenyewe ilikwisha kuwa chuma chakavu, na magari mapya mengi hayana tena tundu la diski. Ile ya chakula kinapoa ilikuwa kabatini, nayo, namshukuru Mungu, ilisomeka. Wajukuu wa baba wamezihamishia nyimbo hizo kwenye simu zao, na nimewaagiza wazihamishe tena kabla simu hizo hazijazeeka.

Tulifundishwa kuwa akiba haiozi. Wazee waliotunga methali hiyo hawakuiona diski. Kanda huoza, diski huoza, na mashine za kuzisomea hutoweka kabla yake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unalo sanduku la kanda chini ya kitanda, usingoje mtaalamu. Zihamishe wenye kumbukumbu wangali hai, wakae karibu yako wakati unapofanya hivyo, na usikate sauti usiyoijua mpaka umewauliza. Nami namalizia kwa ubeti niliouandika katika ukurasa wa mwisho wa lile daftari:

Chombo ni cha ulimwengu, sauti ndiyo amana,
Waliilinda wa kwangu, usiku hata mchana,
Na leo ni zamu yangu, kuwakabidhi vijana,
Nakili kisha nakili, akiba nayo huoza.